Kilometa 660 na upepo: shajara ya mzunguko wa Dodoma, Singida, Babati na Kondoa

Jumamosi, Dodoma: siku ya spana

Waendeshaji sita wa baiskeli, wote wanawake, Hiace moja, kocha, fundi na dereva. Sita si namba ya kubahatisha. Mashindano mengi ya wanawake ya daraja la juu huita timu ya watu sita (Tour de France Femmes, yaani Tour de France ya wanawake, huita saba), kwa hiyo anayetaka kazi ya kuendesha baiskeli kwa kulipwa ajifunze kuendesha akiwa na wenzake watano. Njia ni Dodoma, Manyoni, Singida, Katesh, Babati, Kondoa, kisha Dodoma tena. Ni kama kilometa 660, lami mwanzo hadi mwisho, siku sita za kupiga pedali na moja ya kulala.

Wengi huuliza kwa nini mazoezi hayafanyiki Lushoto au Mbeya kwenye milima. Mlima humtambulisha mwenye kipaji, hilo halina ubishi. Lakini waendeshaji wengi wa kulipwa hawalipwi kwa kushinda milimani. Wanalipwa kwa kukaa mbele kwenye upepo, kushuka nyuma kuchukua chupa garini na kuwapelekea wenzao, kumrudisha kiongozi kundini akipata pancha, na kesho yake kuamka wakafanya hivyo hivyo. Kwa kazi hiyo uwanda wa kati unatosha na kubaki, hasa Agosti, upepo wa kusini-mashariki unapoanza kuvuma saa nne asubuhi na kuendelea mpaka jua linazama.

Fundi alianza na tairi. Milimita 30, zisizo na tyubu, kila moja ikatiwa mililita 50 za maji ya gundi ya kuzibia matundu. Kwa mwendeshaji wa kilo 55 upepo ulikuwa psi 52 mbele na 55 nyuma. Kuna wanaojaza mpaka 90 wakidhani tairi gumu ndilo jepesi. Kwenye lami ya kokoto kama ya huku, tairi gumu hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na kiganja kilichochoka. Maji ya gundi yakaguliwe kila wiki nne hadi sita, maana joto la Dodoma huyakausha yakabaki utando kama wa ugali chini ya sufuria, na mwenye baiskeli asijue mpaka mwiba wa kwanza.

Gia: meno 50 na 34 mbele, 11 hadi 34 nyuma. Kwa 34 na 34, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza baiskeli meta 2.1 hivi, ukipiga mizunguko 90 kwa dakika unapanda kwa kilometa 11.5 kwa saa bila kuvunja magoti. Upande wa pili, 50 na 11 kwa mizunguko hiyo hiyo ni kilometa 52 kwa saa. Kwa njia hii huhitaji zaidi ya hapo.

Siti ndiyo iliyokula muda mrefu. Wanawake wengi huku huanza na baiskeli iliyopimiwa mwanamume, wakavumilia maumivu wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kipimo hakihitaji mashine: kaa juu ya kipande cha boksi kwenye ngazi ngumu, inama kama uko kwenye usukani, kisha simama upime kati ya mashimo mawili yaliyobonyea. Ongeza milimita 20 hadi 25. Huo ndio upana wa siti yako. Kimo: kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha unyayo wa mbele kwenye pedali, goti linabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa.

Na breki. Sisi tumerithi mtindo wa Kiingereza: mkono wa kulia unashika breki ya mbele. Timu za Ulaya bara hufunga ya mbele kushoto. Kocha aliagiza zote zibadilishwe wiki mbili kabla ya safari. Siku utakayopata ajali ukapewa baiskeli ya akiba katikati ya mteremko wa Ufaransa, hutakuwa na muda wa kukumbuka mkono upi unafanya nini.

Siku ya 1, Jumapili: Dodoma hadi Manyoni, kilometa 127

Kuondoka saa 1 kasoro robo asubuhi, mara tu mwanga ulipotosha. Jumapili imechaguliwa kwa sababu magari ya ofisini hayapo barabarani, na mabasi yanayotoka Dar es Salaam alfajiri hayafiki Dodoma kabla ya mchana. Hiace ilikaa nyuma meta 30, taa za dharura zikiwaka. Baridi ya Agosti huku si ya mzaha. Vikoti vyepesi vilivaliwa mpaka jua lilipopanda, vikakunjwa na kutiwa mfuko wa mgongoni huku pedali zikizunguka. Hilo nalo ni zoezi: anayesimama kuvua koti kwenye mashindano anabaki peke yake.

Njia inaelekea magharibi na upepo uko mgongoni. Ni starehe, na ndiyo hatari yake. Mpaka Bahi mteremko ni wa taratibu, kasi ilikuwa 38 hadi 42, na mwenye miguu mizuri hujisikia bingwa. Kocha alikuwa na kauli moja tu dirishani: "Dada zangu, kuleni." Kila dakika 20 kitu kinaingia mdomoni, njaa ipo au haipo. Hesabu ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Chupa moja ya mililita 600 yenye vijiko vinne vya mezani vya sukari, visawazishwe visiwe na kilima, ina gramu 48 hivi. Ndizi mbivu ya wastani, 25. Kipande cha mkate chenye jemu, 25 tena. Sukari ya kawaida ya dukani inafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, na utumbo huzipokea kwa milango miwili tofauti. Ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita, na ndimu ili isichoshe mdomo. Ubuyu una ladha nzuri, ila usipochujwa kwa kitambaa unaziba mdomo wa chupa. Karanga zibaki za jioni. Mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu.

Pancha ya kwanza ilitokea kabla ya Bahi. Watu hulaumu miiba ya migunga, na kweli miiba ipo, lakini kwenye barabara kuu adui mkubwa ni waya wa tairi za malori. Tairi la semi likipasuka huacha vipande pembeni, na ndani yake kuna nyuzi za chuma nyembamba kama unywele, urefu wa milimita 5 hadi 10. Waya huo unaingia, maji ya gundi yanaziba, unaendelea kilometa mbili, waya unacheza, gundi inaachia, inaziba tena. Mwendeshaji anadhani tairi limepona kumbe linapungua psi tano tano. Dawa ni kuutafuta waya wenyewe. Fundi alipitisha kitambaa cha pamba taratibu juu ya tairi, kikanasa uzi. Akakunja tairi mahali pale mpaka ncha ikachungulia, akaivuta kwa kibano cha nyusi. Kibano hicho kiko kwenye boksi la spana na hakiazimwi. Tundu likizidi milimita tatu au nne, gundi peke yake haitoshi; inasukumwa kamba ya kuzibia, inakatwa ikiachwa kichwa kidogo, upepo unajazwa.

Bahi ni bonde, majaruba ya mpunga pande zote na joto linalopanda mapema. Akina mama waliokuwa barabarani walipaza sauti, "Mbukwenyi!" na kundi likajibu bila kushusha kasi. Chakula kilitolewa kabla ya Kintinku: msaidizi alisimama pembeni, mkono umenyooka, mfuko wa bega ukining'inia kwa kidole. Mpokeaji hupitisha mkono mzima kwenye kamba, hakamati mfuko kwa vidole. Nchini kwetu tunaendesha kushoto, ila msaidizi alisimama kulia kwa makusudi kwenye kipande cheupe kisicho na gari, kwa sababu Ulaya kundi hukaa kulia na mikono hupokea kulia. Wawili waliangusha mifuko. Bora iangukie Kintinku.

Baada ya Kintinku ukuta wa Bonde la Ufa unaonekana mbele, na barabara inapanda kuelekea Saranda na Manyoni, takriban meta 400 kwenda juu ukijumlisha yote. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza na kushuka kwa breki zinazonuka. Hapa kundi liliruhusiwa kuvunjika. Kila mmoja alipewa dakika 20 za nguvu yake yote, kipima wati (nguvu ya miguu) kikirekodi. Namba hizo ziliandikwa kwenye daftari na kufungwa mpaka siku ya saba.

Manyoni jioni: asali, wali, maharage, mtindi. Fundi baiskeli wa mtaani alikuja kuangalia, akashika gurudumu la akiba lenye tyubu. "Dada, vali mbona nyembamba kama sindano? Pampu yangu haishiki." Ana haki. Vali za aina hiyo hazipatikani kirahisi nje ya miji mikubwa, na pampu za bodaboda hazizikubali. Kila mwendeshaji alibeba kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya vali na kuifanya ifanane na ya pikipiki. Kinakaa chini ya siti, ndani ya mfuko wenye tyubu moja.

Siku ya 2, Jumatatu: Manyoni hadi Singida, kilometa 117

Hadi Issuna ni kilometa 54, na kutoka hapo 63. Upepo unatoka kulia kwa nyuma, njia inapanda na kushuka bila mlima wa kutajika. Siku ya kawaida kabisa, na mdogo wao, miaka 19, alikata moto, yaani aliishiwa nguvu, kilometa ya 80. Kisa chake hakina ajabu: aliamka tumbo limejaa chakula cha jana, akanywa chai na nusu andazi, akaona ametosheka. Glikojeni, akiba ya wanga kwenye misuli, haijui kushiba kwa tumbo. Dalili zilikuja kwa mpangilio ule ule unaojulikana: kwanza aliacha kuongea, kisha akaanza kukaa mwisho wa mstari, kisha akawa anachelewa nusu sekunde kila kona, na mwisho jasho la baridi. Alipewa chupa ya soda isiyo na gesi na ndizi mbili, akasogea nyuma ya mgongo wa mwenzake mwenye mabega mapana kwa dakika 25, akarudi. Mwendeshaji mzoefu angemwona pale alipoacha kuongea.

Rasta za kupunguza mwendo ziko kila mlango wa kijiji. Usizipite umekaa na mikono imeng'ang'ania. Nyanyuka kidogo sentimita mbili juu ya siti, viwiko vilegee, shika usukani kama unavyoshika yai, pedali zisimame zikiwa usawa. Waliotazama Paris–Roubaix ya kwanza ya wanawake, mbio za Ufaransa zenye vipande vya barabara ya mawe, Oktoba 2021, wanakumbuka mikono ya Lizzie Deignan wa Uingereza. Aliendesha peke yake zaidi ya kilometa 80, nyingine juu ya mawe, bila glavu, akashinda, na tepu nyeupe ya usukani wake ilikuwa na damu. Alikuwa mama wa mtoto wa miaka mitatu wakati huo.

Singida ilifikiwa saa tano na nusu. Mawe makubwa, ziwa Singidani, na kuku ambaye sifa zake hazikutiwa chumvi.

Siku ya 3, Jumanne: Singida, mapumziko

Kupumzika si kulala kutwa. Dakika 45 za pedali nyepesi kandokando ya ziwa, kasi ya mtu anayeenda sokoni, kisha miguu juu.

Asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani kila mmoja alihesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi ya kawaida yake kwa saba hadi kumi, kesho yake hapewi kazi ya mbele. Uzito nao ulipimwa kabla na baada ya kila siku ya barabara. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya jasho, na hurudishwa kwa lita moja na nusu, si kwa mkupuo.

Cheni zilisafishwa. Huku mafuta mazito ni kosa, kwani vumbi jekundu linashika na kuwa msasa. Nta ndiyo dawa: cheni inaoshwa mpaka ing'ae, inakaushwa, inatiwa nta tone moja kwa kila kiungo, inaachwa usiku kucha. Inayopakwa asubuhi dakika tano kabla ya kuondoka inadondoka yote njiani. Baiskeli moja ilikuwa inagoma kushika jino la tatu na la nne. Nyaya zilikuwa sawa. Kilichopinda ni kisikio cha alumini kinachoshikilia mashine ya gia ya nyuma, milimita tatu tu, kwa sababu ilipakiwa garini ikilalia upande wa cheni. Kisikio hupinda kirahisi kwa makusudi ili fremu isivunjike. Kila fremu ina cha kwake, kwa hiyo anayesafiri bila cha akiba anaweza kurudi nyumbani kwa basi.

Mchana kocha alizungumza mambo ambayo wanaume hawaambiwi, au hawayahitaji. Mzunguko wa hedhi uandikwe kwenye daftari lile lile la wati na usingizi. Ukikatika miezi mitatu kwa mtu anayefanya mazoezi mengi, asishangilie kupunguza usumbufu. Mara nyingi ni mwili unaosema chakula hakitoshi kazi, na mifupa ndiyo inayolipa. Madini ya chuma hupungua zaidi kwa wanawake, lakini vidonge visimezwe kwa kukisia, kipimo cha damu kitangulie. Na chai isinywewe pamoja na maharage au mlenda. Majani ya chai hufunga chuma cha mimea tumboni. Isubiri saa moja. Hili lilileta manung'uniko kuliko kilometa zote.

Kuhusu vidonda vya siti: kaptura ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani, mshono wa chupi ndio unaochubua. Mafuta yanapakwa kabla. Ukishuka baiskeli, kaptura inavuliwa ndani ya dakika kumi, chini ya khanga kama hakuna chumba. Kila mmoja alibeba doti nzima: kipande cha kujistiri na cha kushikiwa na mwenzake haja ikija njiani. Wasichana wengi hupunguza kunywa maji ili wasisimame porini, na saa mbili baadaye kichwa kinauma na wati zimeshuka. Khanga ni kifaa cha mbio kama pampu.

Dawa za dukani zilipata nusu saa yake. Tramadol, ambayo baadhi ya watu humeza kwa maumivu ya mgongo, imepigwa marufuku kwenye mashindano ya baiskeli tangu 2019, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kwa michezo yote. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoephedrine, na ikizidi kiwango siku ya mashindano ni kosa. Dawa ya mitishamba isiyo na maelezo, iache. Kipimo hakiulizi nani alikupa.

Jioni ikaja pesa. Daraja la timu kubwa za wanawake liliwekewa mshahara wa chini kwa mara ya kwanza 2020, euro 15,000 kwa mwaka. Kufikia 2023 ukawa euro 32,102 kwa aliyeajiriwa. Chini ya daraja hilo hali ni tofauti sana, wapo wanaosaini mkataba na bado wanalipa nauli zao. Kabla ya kusaini, soma nani analipa bima, nani analipa tiketi, baiskeli ni yako au ya timu, na ukivunjika mfupa Aprili mshahara wa Mei unakuja au haukuji.

Siku ya 4, Jumatano: Singida hadi Katesh, kilometa 90 hivi

Hii ndiyo iliyosubiriwa. Njia inageuka kaskazini-mashariki, na upepo unapiga kutoka kulia, mara ubavuni mara kidogo kwa mbele. Ukijificha nyuma kabisa ya gurudumu la mwenzako hupati kivuli cha upepo. Kivuli kimehamia nyuma kushoto kwake. Kundi linajipanga mshazari: wa kwanza kulia, wa pili nusu gurudumu nyuma na kushoto, wa tatu vivyo hivyo. Anayemaliza zamu ya mbele anaachia upande upepo unakotoka, anarudi nyuma kwa mstari wa kulia, na mwili wake unawakinga wanaopanda kushoto. Zamu ni pumzi kumi, zisizidi. Anayejionyesha kwa kuvuta sekunde arobaini anauvunja mshazari, maana anaongeza kasi bila kujua na wa mwisho anaachwa.

Umbali wa pembeni ni sentimita 30. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, yeye hatasikia kitu, wewe utakuwa chini.

Barabara ya umma ina mipaka yake. Mshazari unataka upana, na katikati ya barabara kuna mabasi. Ulitumika pale tu dereva alipoona nyuma kweupe na kupiga honi fupi moja. Honi mbili, wote wanarudi mstari mmoja kushoto. Watatu wanaotosha kwenye upana huo wanakinga vizuri, wa nne anabaki pembeni mwa lami akipigwa upepo peke yake. Ndivyo kundi la watu 150 linavyokatika vipande Uholanzi. Wa nne hapa alijifunza la kufanya: asing'ang'anie mkia, ageuke aseme na walio nyuma yake, waanzishe mshazari wa pili.

Mlima Hanang, meta 3,420, ulionekana muda mrefu kabla ya Katesh, kichwa ndani ya wingu. Mji huu ulipigwa na maporomoko ya tope Desemba 2023. Chakula cha jioni kililiwa mapema, taa zikazimwa saa tatu.

Siku ya 5, Alhamisi: Katesh hadi Babati, kilometa 75 hivi

Mwendo wa pole mpaka zilipobaki kilometa 20 kufika Babati, kisha mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, kila mmoja akitangulizwa dakika mbili. Baiskeli ni zile zile. Hakuna kulaza mikono juu ya usukani wala kukalia bomba la fremu kwenye mteremko; UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, ilikataza mikao hiyo miwili kwenye mbio za barabara tangu Aprili 2021. Kilichobaki ni kushika chini kwenye pembe, viwiko vimekunjwa, kidevu chini.

Kosa lilikuwa moja kwa wanne kati ya sita: dakika tano za mwanzo zilipigwa kwa hasira. Dakika hizo ziendeshwe huku ukiona ni rahisi mno.

Siku ya 6, Ijumaa: Babati hadi Kondoa, kilometa 93

Bonga iko kilometa 19 kutoka Babati, na kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Bereko kwa kona zinazofuatana. Upepo sasa uko usoni, ila miti na kingo zinausaidia mwili. Mkwea milima wa kundi aliachiwa, wengine wakapanda kwa mwendo wa kuongea.

Kushuka ndiko kulikokuwa na somo. Breki hushikwa kabla ya kona, si ndani yake. Pedali ya nje chini, uzito juu yake. Macho yatazame kona inakoishia, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Mchanga uliomwagwa na malori hukaa upande wa nje wa kona. Mmoja aliukanyaga, akalala chini kwa nyonga, akachubuka. Hatua zilizofuata ndizo zinazotazamwa na makocha wa timu: wawili walisimama naye, fundi alikagua usukani kama umepinda na kama breki inagusa, mmoja akaenda mbele kuwaambia wengine washushe mwendo. Kichwa kilikaguliwa kabla ya baiskeli. Akiulizwa siku gani na yuko wapi akasita, safari yake inaishia garini.

Mwaka 2024 Demi Vollering wa Uholanzi alianguka kwenye siku ya tano ya Tour de France Femmes akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza, kilometa sita hivi kabla ya mwisho. Mwenzake wa timu alikuwa mbele, akashinda siku hiyo. Vollering alipoteza zaidi ya dakika moja na nusu. Siku ya mwisho alishinda juu ya mlima wa Alpe d'Huez, na bado Kasia Niewiadoma wa Polandi akachukua taji kwa sekunde 4. Ubishi wa nani alipaswa kumsubiri haujaisha mpaka leo. Kwenye kundi hili jibu liliwekwa asubuhi kabla ya kuondoka: jina la anayesubiriwa na majina ya wawili wanaosubiri.

Kolo kuna kibao cha michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006, lakini siku ya mazoezi si siku ya utalii. Kondoa mjini khanga zilifungwa kiunoni kabla ya kushuka baiskeli. Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Heshima ndogo, na mama ntilie alituongezea viazi vitamu.

Siku ya 7, Jumamosi: Kondoa hadi Dodoma, kilometa 158

Siku ndefu kuliko zote, imewekwa mwisho kwa makusudi. Mashindano ya dunia yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, Septemba 2025, wanawake walikimbia kilometa 164.6, na aliyeshinda, Magdeleine Vallieres wa Kanada, hakuwa akitajwa sana kabla. Miezi michache nyuma yake Kim Le Court wa Morisi alikuwa ameshinda Liège–Bastogne–Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, kisha siku moja ya Tour de France Femmes, na jezi ya njano akaivaa. Hakuna hata moja kati ya mbio hizo inayoamuliwa saa ya kwanza.

Kuondoka saa 12 na nusu, taa mbele na nyuma. Mpaka Mela hewa ilikuwa imetulia. Kufikia saa nne upepo ulishaamka, kushoto kwa mbele, na mstari ukakaa zamu za sekunde ishirini. Chupa zilikuwa mbili kwa kila saa moja na nusu. Chupa tupu haitupwi ovyo; kwenye mashindano kuna sehemu maalumu za kutupia na nje yake ni faini na adhabu nyingine. Huku pia kuna sababu yake: chupa inayobingirika chini ya gurudumu la sita ni ajali.

Mayamaya ni kilometa 114. Hapo daftari lilifunguliwa: dakika 20 tena za nguvu yote, kama Saranda. Hesabu ni nyepesi. Mwenye kilo 55 aliyetoa wati 220 siku ya kwanza, yaani 4 kwa kilo, akitoa 205 hapa amepoteza asilimia 7 tu, na huyo anauzika. Aliyetoa 240 Saranda akashuka hadi 195 amepoteza karibu asilimia 19. Ni mzuri kwa mbio za siku moja, au hakula vya kutosha. Mdogo wao, yule aliyekata moto njia ya Singida, alishuka asilimia 5.

Makutupora mizabibu, Msalato malori, kisha matuta ya kuingilia mjini. Kabla ya mtu kuoga, kila cheni ilipimwa kwa kipimo cha uchakavu: tatu zilikuwa zimefika asilimia 0.5 na zikatolewa, kwa kuwa zikiachwa zitakula meno ya nyuma, na seti ya meno ni ghali mara kadhaa kuliko cheni. Tairi zilipitishiwa kitambaa cha pamba. Kilinasa nyuzi nne.